Maji Yanayopotea Chini ya Sakafu ya Jikoni: Tuchunguze Kabla ya Kulaumiana

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyejaalia maji kuwa asili ya kila chenye uhai. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake wote.

Juma hili twataka kuzungumza juu ya bomba la maji linalovuja chini ya sakafu ya jikoni. Huenda baadhi yenu mkastaajabu kuona mtu wa madrasa akiandika habari ya mabomba na vigae. Tumeiandika kwa sababu tumeshuhudia kwa macho yetu jinsi uvujaji wa namna hiyo ulivyokaribia kuwafarakanisha mume na mke, na kumtoa katika riziki yake mtu asiye na kosa.

Safari ya Kitengela

Mwezi wa Shaaban uliopita tulifunga safari kutoka Mombasa kwa gari moshi hadi Syokimau, kisha kwa matatu kupitia Athi River mpaka Kitengela, katika Kaunti ya Kajiado. Tulikwenda kumzuru binti wa dada yetu. Mumewe ameajiriwa katika kiwanda kimoja cha Athi River, nao wamepanga nyumba ya mawe katika mtaa mmoja usio mbali na barabara ya Namanga.

Kwa wasioujua mji huo, Kitengela uko katika mbuga za Athi na Kapiti, ardhi ya ndugu zetu Wamaasai. Zamani palikuwa malisho ya ng'ombe na njia ya wanyama wa porini. Leo ni mji wa nyumba nyingi, na familia kadhaa kutoka pwani zimehamia huko kwa ajili ya kazi na biashara. Jambo la kwanza ambalo mgeni kutoka pwani hulitambua huko ni ughali wa maji. Kuna bomba kuu la Nol-Turesh, liletalo maji kutoka chemchemi za karibu na Loitokitok, chini ya mlima Kilimanjaro, hadi Kajiado, Kitengela, Athi River na Machakos. Walakini watu ni wengi na maji hayawatoshi. Wengine hutegemea visima virefu, ambavyo maji yake aghlabu yana chumvi na madini ya floridi yanayotia meno ya watoto rangi ya kahawia. Wengine hununua kwa lori au kwa mtungi. Katika ukame wa 2021 na 2022, wafugaji wengi wa Kajiado waliipoteza mifugo yao kwa kukosa maji na malisho. Katika nchi kama hiyo, tone lipoteapo huonekana.

Ugomvi uliokuwa ndani ya nyumba

Tulipokelewa vizuri. "Nashika moo, Mjomba," alisema binti yetu, nasi tukamwitikia. Lakini baada ya chakula cha usiku tuliona kwamba mume na mke hawatazamani. Mume alipokwenda msikitini, binti yetu alituletea daftari aliloandika hesabu za nyumba, akaanza kulia.

Nyumba yao hupata maji kutoka kisima kirefu cha mtaa. Maji hupitia mita iliyoko langoni, hupanda kwenye tangi la juu ya paa, kisha hushuka jikoni na bafuni. Kila mwezi walizoea kutumia uniti 9 hivi. Mwezi mmoja zikawa 14. Mwezi uliofuata zikafika 22. Tukumbuke kwamba uniti moja ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20.

Mume, kwa uchovu wa kazi na uzito wa bili, alimwambia mkewe kwamba hajui thamani ya pesa. Alisema anaacha mfereji wazi anapoosha vyombo, na kwamba watoto wanachezea maji wakati wa udhu. Mke alipokana, shaka ikahamia kwa dada wa kazi, mwanamke wa makamo kutoka upande wa Isinya, ambaye huja asubuhi na kurudi kwake jioni. Mume alidhani kwamba wao wakiwa hawapo, yeye huwagawia majirani maji kwa mitungi, au huyauza. Alikuwa amekwishaazimia kumwachisha kazi mwisho wa mwezi ule.

"Mjomba," alisema binti yetu, "mimi sijamwona akitoa hata kikombe. Lakini sina ushahidi, na nikimtetea naambiwa tumeshirikiana."

Asubuhi yake tulimkuta yule dada akipiga deki jikoni. Tulimsalimu na kumwuliza, bila kumtajia lolote, kama ameona jambo lisilo la kawaida katika nyumba. Akatuonyesha kwa mkono pembe iliyo baina ya sinki na ukuta. "Hapa hapakauki, mzee," alisema. "Huu ni mwezi wa pili. Nikikanyaga nasikia baridi, na kigae hiki kikigongwa kinalia kama debe. Nilimwambia mama, akadhani ni maji ya deki."

Binti yetu aliinamisha kichwa. Ni kweli aliambiwa, na ni kweli hakusikiliza.

Usiku wa mita

Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul-Hujurat tuhakikishe habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua, na katika sura hiyo hiyo ametuonya juu ya dhana. Tulimwita mume, tukamkalisha, tukamwomba jambo moja tu: kabla ya kumwachisha mtu kazi, na aipime nyumba yake usiku mmoja. Alikubali, Mwenyezi Mungu amlipe kheri.

Usiku ule watoto walisoma Suratul-Mulk kabla ya kulala, kama ilivyo ada ya nyumba nyingi za Waislamu. Wengi wetu twaihifadhi sura hiyo tangu utotoni. Aya yake ya mwisho yataja maji yanayozama ardhini, na kwamba hakuna wa kuyarejesha ila Yeye. Tulikuwa tumeisoma maelfu ya mara, na hatukupata kuisikiliza tukiwa tumekaa juu ya sakafu inayovuja.

Saa nne ya usiku, tangi likiwa limejaa, mume na sisi tulikwenda langoni na tochi. Mifereji yote ilikuwa imefungwa. Tukaandika tarakimu zote za mita, hata zile nyekundu za mwisho. Hapana aliyetumia maji ya mfereji usiku ule. Ya udhu na ya kunywa tuliyateka mapema katika ndoo. Saa kumi na nusu, kabla ya alfajiri, tulirudi kusoma. Mita ilikuwa imesonga lita 120.

Mume alisimama kimya na daftari mkononi. Watu wote wa nyumba walikuwa wamelala, na dada wa kazi alikuwa kwake. Mitungi sita ilikuwa imepita langoni, na hapana mtu aliyeichukua.

Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, nayo ni kiasi kisichofika lita moja. Kwa kipimo hicho, maji yaliyozama usiku mmoja chini ya jikoni lile yangetosha udhu zaidi ya mia moja na ishirini.

Namna ya kupima nyumba yako

Dada yetu, jambo hili waweza kulifanya mwenyewe, nalo halihitaji fundi wala gharama.

Kwanza, ngoja tangi lijae, kisha funga mifereji yote. Tazama uso wa mita. Mita nyingi zina kigurudumu kidogo au nyota inayozunguka hata kwa maji machache. Ikiwa tangi limejaa na boya lake limefunga, kigurudumu hicho chapasa kutulia. Kikiendelea kuzunguka, kuna mahali maji yanakwenda.

Pili, funga koki iliyoko chini ya tangi, inayoruhusu maji kushuka ndani ya nyumba. Ikiwa mita sasa imetulia, uvujaji umo katika mabomba ya ndani. Ikiwa bado yazunguka, tazama bomba la kutoka langoni hadi kwenye tangi, au boya lisilofunga sawasawa na kuyamwaga maji kupitia bomba la kufurikia.

Tatu, usisahau choo. Tia buluu ya kufulia katika tangi dogo la choo, uache bila kuvuta kwa nusu saa. Rangi ikionekana bakulini, maji yanapotea hapo, na sakafu yako haina kosa.

Nne, pambanua bomba la maji safi na bomba la maji machafu. Bomba la maji safi likivuja, huvuja usiku na mchana, na mita husonga. Bomba linalotoa maji ya sinki likivuja, unyevu huzidi baada ya kuosha vyombo na hupungua nyumba isipotumika, nayo mita haisemi lolote. Aghlabu harufu mbaya hufuata.

Mwenye kutumia maji ya kisima chake bila mita aweza kupima kwa tangi: ajaze, afunge bomba la kuingizia, atie alama ya kina cha maji usiku, kisha atazame alfajiri.

Na dalili zisidharauliwe. Kigae kinacholia kama debe, maungio ya vigae yaliyobadilika kuwa meusi, sakafu yenye baridi mahali pamoja, au yenye vuguvugu ikiwa hapo lapita bomba la maji moto, rangi ya ukuta inayobanduka karibu na sakafu, kabati la chini linalonuka ukungu, sauti ya kufoka usiku wa manane. Kila moja katika hizi ni habari. Na msidhani kwamba tone ni kitu kidogo. Tone moja kwa kila sekunde hukaribia lita 20 kwa siku, yaani mtungi mzima. Mchirizi wa kujaza kikombe cha robo lita kwa dakika moja ni lita 360 kwa siku, yaani mitungi 18.

Kwa nini bomba lilivunjika

Fundi wa mabomba alikuja siku ya pili. Aligonga vigae kwa mpini wa bisibisi, akatia alama palipolia utupu, akafunga koki moja baada ya nyingine mpaka akajua ni bomba gani. Kabla hajaanza kuvunja, mume alimpigia simu mwenye nyumba na kumtumia picha, akapata idhini yake. Vigae vinne viliondolewa. Chini yake, kiungo cha kona cha bomba la plastiki kilikuwa kimepasuka ufa mwembamba kama unywele, na maji yalikuwa yakishuka moja kwa moja ardhini. Ndiyo sababu juu paliota unyevu tu, wala hapakuwa na dimbwi.

Fundi alitueleza sababu, nasi twaiandika kwa faida ya wanaojenga huko. Ardhi ya Kitengela kwa sehemu kubwa ni udongo mweusi wa mfinyanzi. Udongo huo hufura unapopata mvua, na hunywea na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Bomba lililolazwa ndani yake bila tandiko la mchanga huvutwa huku na huku kila msimu, mpaka kiungo kilicho dhaifu kikaachia. Wajenzi waangalifu huuondoa udongo ule chini ya nyumba na kujaza mawe na changarawe. Naye asiyejali huficha kosa lake chini ya saruji. Aidha, uvujaji wenyewe huufurisha udongo mahali pamoja, na sakafu au ukuta waweza kupasuka. Kwa hiyo kuchelewa kwaweza kuitia hasara nyumba nzima.

Sisi wa pwani tusijione tumesalimika. Udongo wetu ni mwingine, lakini maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, na chumvi hula mabomba ya chuma yaliyozikwa katika nyumba zetu za zamani. Na maji ya mfereji tunayoyatumia Mombasa, mengine hutoka mbali, tangu chemchemi za Mzima huko Tsavo. Si haki yasafiri masafa hayo kisha yazame chini ya jikoni.

Katika kutengeneza, twausia mambo manne. Ikiwa unyevu umekaribia soketi au nyaya, zimeni umeme wa jikoni kwanza. Msiruhusu fundi avunje sakafu nzima kwa kubahatisha. Na apime kwanza. Kiungo kikishabadilishwa, maji yafunguliwe kwa nguvu yake yote na kuangaliwa kwa saa kadhaa, ikiwezekana usiku mzima, kabla shimo halijafukiwa. Na kabla ya kufukia, pigeni picha na kupima umbali wa bomba kutoka ukutani, ili siku nyingine isitafutwe gizani. Ikiwa viungo vingi vimechakaa, ni nafuu kuliacha bomba la chini na kupitisha jipya ukutani, mahali ambapo jicho laliona.

Suala la tahara

Dada zetu wametuuliza: je, sakafu yenye unyevu huo ni najisi? Jawabu ni kwamba asili ya vitu ni tahara, na yakini haiondolewi na shaka. Unyevu uliotoka katika bomba la maji safi ni safi. Wala haikupasi kurudia sala wala kufua nguo iliyogusa hapo. Ama ukiwa na yakini kwamba umetoka katika bomba la maji ya choo, basi ni najisi na lazima pasafishwe.

Lakini kuna jambo la kuangaliwa. Penye mgao wa maji, bomba linapobaki tupu, ufa ule ule uliokuwa ukitoa maji waweza kuvuta ndani maji machafu yaliyouzunguka. Maji yakija na rangi, ladha au harufu isiyo ya kawaida, msiyanywe wala msiyatumie kwa udhu mpaka sababu ijulikane. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, maji yaliyotimia kula mbili, takriban lita 200, hayanajisiki mpaka yabadilike kwa najisi, lakini yaliyo pungufu ya hapo hunajisika kwa kuingiwa nayo tu. Ndoo na birika zetu ni pungufu. Na ugonjwa wa kuhara hauangalii rangi, basi yachemsheni maji ya kunywa mpaka bomba litengenezwe.

Mwenye nyumba na mpangaji

Mpangaji ni mwaminifu juu ya mali ya mwenzake. Hadhamini kilichoharibika bila ya kosa lake, lakini akiona dalili akanyamaza, amepunguza amana. Naye mwenye nyumba, ukarabati wa bomba lililozikwa ni juu yake, kwa kuwa bila ya hilo nyumba haitumiki kama walivyokubaliana. Akikataa, mpangaji ana hiari ya kuvunja mkataba. Kwa hiyo mwenye kuona unyevu na amjulishe mwenye nyumba siku hiyo hiyo, kwa maandishi na picha, wala asivunje sakafu bila idhini.

Katika kisa chetu, mwenye nyumba alilipa fundi na vigae. Bili za miezi miwili walisuluhishana: mpangaji alikiri kwamba dalili ilionekana mapema ikapuuzwa, na mwenye nyumba akakiri kwamba bomba lililazwa vibaya. Wakagawana nusu kwa nusu. Sulhu ni kheri.

Lililobaki

Jioni ile, kabla yule dada hajaondoka, mume alimwita mbele ya mkewe na mbele yetu. Akamwambia aliyomdhania, na kwamba alikusudia kumwachisha kazi, kisha akamwomba radhi. Halikuwa jambo jepesi kwake, nasi twamwombea ujira. Yule dada alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Baba, mimi natoka nyumba ambayo maji tunayafuata kwa punda. Ningewezaje kuyamwaga?" Hakusema zaidi. Aliondoka, na asubuhi alirudi kazini.

Mume alimtazama mkewe, naye pia akamwomba radhi. Sisi tulitoka tukawaacha.

Ndugu wasomaji, katika nyumba nyingi anayejua hali ya sakafu ni yule anayeinama kuipangusa, awe mama wa nyumba au mtu wa kazi. Tumsikilize anaposema. Na bili ikipanda, tuanze na mita kabla ya kuanza na watu. Usiku wa leo, insha-Allah, baada ya sala ya Isha, fungeni mifereji yote, mshike tochi, mwende mkasome tarakimu za mita yenu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu, atusamehe dhana zetu mbaya, na atubarikie maji yetu. Wabillahi tawfiq.